Prado 150 yenye hema juu ya keria: VSC nizime au niache? Na mifuko ya hewa ya pembeni ikoje kwenye mlalo?

Kambi_Natron ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mchango wa wanaoyajua magari ya porini kiufundi.

Gari ni Prado 150 ya dizeli, injini ya 2.8, gia otomatiki. Ina VSC (mfumo unaozuia gari lisiteleze ubavu), loku ya difu ya nyuma, na mifuko ya hewa ya pazia juu ya madirisha. Springi zimepandishwa inchi 2. Juu kuna keria ya chuma, hema la kukunjua, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 na tairi la akiba la pili. Njia ni Mto wa Mbu, Engaruka, Engare Sero, halafu kupanda kuelekea Loliondo. Kuna changarawe yenye mawimbi, makorongo ya mchanga, na milalo, yaani vipande ambavyo njia inalalia ubavu.

Maswali yangu:

1. Huo mzigo wa juu unaongeza hatari ya kupinduka kwa kiasi gani hasa? Nataka namba, siyo "punguza mzigo" tu.
2. VSC izimwe nikiingia vumbi au iachwe?
3. Gari likilala ubavu taratibu, ile mifuko ya pazia inaweza kufyatuka bure? Nasikia kuna magari yana swichi ya RSCA OFF, ya kuzima sensa ya kupinduka ya hayo mapazia, langu silioni.
4. Likipinduka na watu wakawa salama, nini kifanyike kabla ya kuwasha?

---

Fundi_Njiro:

Mkuu, kabla ya kugusa swichi yoyote tupige hesabu, maana kwenye mlalo hakuna kompyuta itakayokushika.

NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inatumia kipimo kimoja chepesi kupanga nyota za hatari ya kupinduka tangu modeli za 2001. Pima upana kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Saluni huwa kati ya 1.3 na 1.5. Magari ya jamii ya Prado huangukia jirani na 1.1. Namba hiyo ni tanjenti ya pembe ambayo gari lililosimama linapita mpaka na kuanguka.

Upana huo kwa Prado 150 ni milimita 1,585. Chukulia kitovu cha uzito kiko sentimita 72 toka chini, na gari pamoja na watu ni kilo 2,300. 158.5 kwa 144 unapata 1.10, yaani nyuzi 47.7.

Sasa weka mzigo wako: keria ya chuma kilo 30, hema 60, madumu mawili yaliyojaa 42, tairi na ringi yake 32. Jumla 164, zimekaa mita 2 juu. Kitovu cha uzito kinapanda hadi sentimita 80.5 na pembe inashuka hadi 44.5. Springi za inchi 2 hazipandishi ekseli wala matairi, zinapandisha bodi, chasi na injini, kwa hiyo ongeza sentimita 4.5 hivi. Umefika 85, pembe ni nyuzi 43.

Utasema nyuzi 4.7 ni kitu gani. Kwa upana wa gari lako, nyuzi moja ni sawa na jiwe la karibu sentimita 3 chini ya tairi la upande wa juu. Hizo 4.7 ulizopoteza ni kama kutembea na jiwe la sentimita 13 chini ya matairi ya upande mmoja kila uingiapo kwenye mlalo.

Na nyuzi 43 ni za karatasini. Chukua mlalo wa 25, ambao kwa macho unaonekana unapitika. Tairi la juu likipanda jiwe la sentimita 20, zimeongezeka 7. Tairi la chini likiingia shimo la kina hicho hicho kwa wakati huo huo, 7 nyingine. Bodi inalalia springi za upande wa chini na tairi linabonyea, weka 4 au 5. Jumla 43 na ushee. Hapo gari halijafanya kosa lolote, limepita tu pabaya kwa wakati mmoja pande zote mbili. Ndiyo maana mimi kwa gari lenye hema juu naweka kikomo cha nyuzi 20 hadi 25, na kipimo cha pembe kwenye simu kinatosha kukuonyesha ikiwa umekisawazisha mahali pa tambarare kwanza.

Cha kufanya na mzigo: spea ya pili ihamie nyuma kwenye bampa au mlangoni. Dizeli iingie kwenye tanki la ziada chini ya gari, isiwe ndani wanamokaa abiria. Maji yakae sakafuni mbele ya ekseli ya nyuma, yamefungwa kwa mikanda ya ratchet kwenye vishikizo vya sakafu. Hema linabaki juu kwa sababu halina pengine. Ukifanya hivyo tu unarudi nyuzi 44. Ukiondoa na keria ya chuma ukaweka ya alumini unaongeza kidogo tena. Soma na kitabu cha gari uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba likiwa linatembea, maana wengi wanasoma ule wa gari lililosimama, yaani watu wakiwa wamelala hemani, na huo ni mkubwa mara kadhaa.

Ukiwa kwenye mlalo wenyewe: abiria washuke kwa mlango wa upande wa juu kabla hujaanza, wasisimame upande wa chini. Mmoja atangulie mbele akuongoze. Shimo la upande wa chini lijazwe mawe, na upande wa juu uchimbwe. Kuchimba upande wa juu kwa koleo sentimita 10 kunakupa nyuzi 3 na nusu, ni kazi ya dakika chache. Weka L (ile seti ya gia nzito), tembea mwendo wa mtu. Ukihisi tairi la juu linakuwa jepesi, geuza usukani kuelekea CHINI ya mteremko na ongeza mafuta kidogo. Ukikanyaga breki au ukageuza kuelekea juu umemaliza.

Na kilima kikikushinda katikati, usigeuze gari hata kama panaonekana pana. Tia R ukiwa kwenye L, achia breki taratibu, rudi nyuma ukiwa umenyooka. Usitie N hata sekunde moja.

---

Moramu_Kilo80:

Nakubaliana na hesabu za Fundi, ila kwa njia uliyoitaja naona hofu imepelekwa pasipo. Mlalo unatisha kwa hiyo watu wanaenda taratibu. Kinachopindua magari ya kambi ni changarawe iliyonyooka, gari likiwa kilomita 80 kwa saa na dereva anaongea.

Angalia mantiki. Zile nyuzi 43 za Fundi, kwa kile kipimo cha NHTSA ni 0.93. Changarawe kavu iliyolegea inashika tairi kwa 0.5 hadi 0.6 hivi ya uzito lililobeba. Maana yake gari litateleza kabla halijapinduka. Ili lipinduke lazima kitu kilizuie tairi wakati gari linateleza kwa ubavu: ukingo wa barabara uliorundikwa na greda, mfereji, udongo laini wa pembeni, au ringi iliyouma chini baada ya tairi kutoka kwenye ringi. Sehemu kubwa sana ya ajali za kupinduka za gari moja ni za namna hiyo.

Mfuatano ni ule ule siku zote. Tairi za kushoto zinashuka pembeni. Dereva anashtuka anavuta usukani kulia. Tairi za mbele zinashika ghafla, gari linakatiza barabara, anavuta kushoto, mkia unapita, gari linakwenda ubavu hadi kwenye ukingo wa pili. Hapo ndipo VSC inalipa gharama yake. Ina sensa ya pembe ya usukani, sensa ya mzunguko wa bodi, sensa ya msukumo wa pembeni na sensa ya mwendo wa kila tairi. Ikiona usukani unasema kitu kimoja na bodi inafanya kingine, inakanyaga breki ya tairi MOJA na kupunguza nguvu ya injini. Mguu wako una pedali moja ya breki kwa matairi manne, kwa hiyo kazi hiyo huiwezi hata uwe hodari vipi. Marekani walilazimisha mfumo huu kwa magari yote mepesi mapya kufikia Septemba 2011, na sababu kubwa ilikuwa hizi hizi ajali za kupinduka.

Kwa hiyo jibu la swali la 2: kwenye changarawe ya mwendo, VSC IWAKE. Lakini kuna mtego kwenye Prado 150 ambao wengi hawaujui. Ukifunga difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), VSC inajizima yenyewe na taa ya VSC OFF inawaka kwenye dashibodi. Mtu anafunga difu kuvuka korongo la mchanga, anasahau, anaingia changarawe anafika kilomita 80 bila VSC. Tazama taa hiyo kila ukitoka korongoni.

Swichi zenyewe:

- Ukibonyeza kitufe cha VSC OFF mara moja, unazima TRC tu, ile inayokata nguvu tairi likizunguka bure. VSC bado ipo.
- Ukikishikilia zaidi ya sekunde 3 gari likiwa limesimama, unazima vyote viwili.
- Ukizima injini na kuwasha tena, vyote vinarudi.
- Ukifunga loku ya difu ya nyuma, ABS (inayozuia tairi lisifunge ukikanyaga breki) na VSC hazifanyi kazi. Loku hiyo ni ya kuvuka kizuizi kwa mwendo wa kutambaa na kuifungua papo hapo. Ukigeuza usukani nayo imefungwa kwenye mteremko, gari linasukuma pua mbele badala ya kupinda.

ABS kwenye changarawe iliyolegea inarefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililofunga lingerundika kokoto mbele yake na ABS hairuhusu. Usiiondoe fyuzi kama wanavyofanya baadhi ya watu, inakuachia usukani. Punguza mwendo tu uwe na nafasi.

Tairi zikishuka pembeni: usivute. Achia mafuta, shika usukani umenyooka, ngoja mwendo ushuke hadi 40, ndipo urudi juu kwa pembe ndogo.

Jambo la mwisho ni mawimbi. Kwenye mawimbi tairi linakuwa hewani sehemu ya muda, na sensa haiwezi kuongeza mshiko ambao haupo. Upepo wa tairi kwa mzigo wako: PSI 28 mbele na 30 au 32 nyuma, na mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa. Simama baada ya saa moja uguse shokapu, tahadhari zinaunguza. Ikiwa moja ni ya baridi na nyenzake zinachoma, hiyo ya baridi imekufa, haifanyi kazi. Gari lililopandishwa inchi 2 likabaki na shokapu za zamani ni gari la kupinduka, hata likiwa na VSC tatu.

Na kama baada ya kupandisha springi ulifanya alaimenti, hakikisha sensa ya usukani na ya mzunguko zilisawazishwa kwa skana. Usukani ukiwa umepinda kidogo gari likiwa limenyooka, VSC inadhani unakata kona, na inaweza kukanyaga breki ya upande mmoja pasipo sababu.

---

Ramla_Maskati:

Assalaam alaykum jamaa. Nachangia upande wa mchanga na hiyo RSCA, maana huku Oman magari ya namna hiyo ni mengi.

Kwanza RSCA. Ndani ya kompyuta ya mifuko ya hewa mnakuwa na sensa inayopima gari linazunguka ubavu kwa kasi gani. Kompyuta haitazami pembe peke yake, inatazama pembe pamoja na kasi. Gari likiinama polepole nyuzi 25 likatulia, hesabu yake haifiki. Likiwa tayari limeinama sana kisha tairi likaanguka ghafla kutoka jiwe, au likateleza ubavu kwenye tuta la mchanga, hapo inaweza kuamua "tunapinduka" na kufyatua mapazia na kukaza mikanda. Toyota waliweka swichi ya RSCA OFF kwenye magari kama FJ Cruiser na 4Runner kwa ajili hiyo. Unaishikilia sekunde chache, taa inawaka, na ukizima na kuwasha gari mfumo unarudi wenyewe.

Kama gari lako halina swichi, ni mawili. Ama mapazia yako yanafunguka kwa kugongwa ubavu tu, hayana sensa ya kupinduka. Ama sensa ipo na watengenezaji hawakuona haja ya swichi. Fundi mwenye skana anaweza kukusomea. Usichomoe fyuzi ya SRS (mfumo mzima wa mifuko ya hewa) kwa kuogopa pazia lisifyatuke: unazima mifuko ya mbele na vikaza mikanda pamoja nalo. Kwa njia uliyoitaja mimi nisingehangaika hata kama swichi ingekuwepo. Ni kitu cha kupanda majabali.

Na ujue pazia la kupinduka si sawa na mfuko wa usukani. Ule wa usukani unajaa na kunywea ndani ya sehemu ya sekunde. Pazia lililokusudiwa kupinduka linabaki limejaa sekunde kadhaa, kwa sababu gari linaweza kubiringika zaidi ya mara moja. Kanuni ya Marekani inalipima hata sekunde 6 baada ya kufyatuka. Kazi yake kubwa ni kuzuia kichwa na mkono visitoke dirishani.

Sasa mchanga. Makorongo yenu hayana matuta makubwa kama jangwa letu la Wahiba, lakini mambo matatu ni yale yale.

Upepo wa tairi PSI 15 hadi 18. Ukishuka hapo, epuka kona kali na epuka kukata usukani ghafla, tairi litavuka ringi na ringi itachimba. Ringi iliyochimba ndiyo kile kizuizi alichosema Moramu. Pampu iwe ndani ya gari, na usirudi kwenye changarawe ya mwendo na 18.

Ukingo wa korongo: iwe ni kupanda au kushuka, nenda umenyooka. Uso wa mchanga uliomwagika wenyewe unakaa nyuzi 32 hadi 34, ukishuka nao umenyooka kwenye L bila breki gari linatelemka salama. Mkia ukianza kupita, geuza usukani kule mkia unakoelekea na ongeza mafuta kidogo hadi unyooke. Breki inauongeza.

Usisimame umekatiza mteremko wa mchanga. Tairi za chini zinazama kwa sababu zimebeba uzito zaidi, gari linainama zaidi, zinazama zaidi. Ukikwama hivyo, shusha watu, fukua upande wa juu, vuta gari kutoka mbele kuelekea chini.

TRC izimwe mchangani, inakukata nguvu pale unapoihitaji. Ukitoka, fungua loku za difu kisha zima na kuwasha injini, ndiyo njia rahisi ya kurudisha TRC na VSC bila kukumbuka ulibonyeza nini.

---

Garaji_Isiolo:

Boss, swali la nne limebaki, na ndilo linaharibu injini za watu.

Watu kwanza. Zima swichi ya gari. Aliyening'inia juu chini asifungue mkanda kabla hajaweka mkono mmoja kwenye paa na kukaza miguu, la sivyo anaangukia shingo. Kisu cha kukata mkanda kikae mahali dereva anafikia, si kwenye boksi la vyombo nyuma. Tokeni upande ambao gari halitaangukia. Dizeli ikivuja haishiki haraka kama petroli, lakini betri iliyoning'inia na waya uliokatika ni moto. Mtungi wa poda wa kuzimia moto wa kilo 2 uwe ndani wanamokaa abiria. Anayelalamika shingo au mgongo asivutwe isipokuwa kuna moto.

Mfuko wa hewa ambao haukufyatuka bado ni hatari. Ondoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuingiza kichwa ndani kutafuta vitu. Kama itabidi kukata nguzo ya gari kumtoa mtu, vua plastiki kwanza uone silinda ya pazia iko wapi, usikate hapo.

Kulisimamisha: mkanda ufungwe kwenye chasi au ekseli ya upande wa mbali, upite juu ya gari, na uvutwe kwa winchi taratibu. Usivute kwa kamba ya mpira inayonyumbuka kwa kukurupuka. Gari la pili, au mti, lishikilie kwa mkanda kutoka upande wa nyuma ili likianza kurudi lishuke polepole, vinginevyo linajibamiza na kuendelea upande wa pili. Shakeli ziwe zile zenye chapa ya 4.75T. Tupa koti zito juu ya waya wa winchi. Upande linakoangukia asiwepo mtu.

Sasa limesimama na kila mtu anataka kusikia kama linawaka. MSIWASHE. Likiwa limelala, oili inapanda kupitia bomba la kupumua na pembeni ya pistoni, inaingia juu ya pistoni. Oili haibonyei. Stata ikizungusha, konrodi inapinda. Kwa dizeli kuna la pili: oili iliyojaa kwenye intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) inachomeka kama mafuta, injini inapanda mzunguko yenyewe na hata ukizima swichi haizimi.

Fanya hivi:

1. Liache limesimama sawa nusu saa au zaidi, oili irudi chini.
2. Angalia oili, maji ya rejeta, maji ya breki, ya usukani na oili ya gia. Asidi ya betri iliyomwagika ioshwe kwa maji na magadi.
3. Fungua bomba la intakula na chujio la hewa. Oili iliyomo ifutwe yote. Chujio lililolowa oili litupwe.
4. Toa hita plagi zote nne. Kwa petroli, toa plagi.
5. Zungusha injini kwa mkono kwa kutumia soketi kwenye bolti ya krenkshafti, raundi mbili kamili. Ikigoma, usilazimishe, gari linapakiwa.
6. Ikizunguka, funika mashimo kwa kitambaa, simama kando, piga stata sekunde 5. Rudia hadi matone ya oili yaishe.
7. Rudisha kila kitu, jaza oili, washa. Mtu mwingine asimame na ubao mpana wa kuziba mdomo wa hewa iwapo itakimbia. Asitumie kiganja.

Kwa petroli, mifuko ikifyatuka Toyota nyingi zinakata pampu ya mafuta. Zima swichi kabisa, kisha washa tena.

Moshi wa buluu dakika chache ni kawaida. Taa ya oili ikikataa kuzimika, zima.

Kabla ya kuondoka tazama mambo manne: matairi hayasuguani na bodi, bomba za breki hazijakatika, usukani hauna mchezo mpya, na vioo vya mbele vinakuwezesha kuona. Hata yakiwa sawa, kilomita 20 kwa saa hadi kijiji cha kwanza.

Garajini: kompyuta ya SRS iliyorekodi ajali inabadilishwa, pamoja na mapazia, mikanda yote iliyokaza, na ile koili ya usukani kama mfuko wa dereva ulifyatuka. Kuna wanaoweka kirizista mahali pa mfuko ili taa ya SRS izimike. Taa inazimika, mfuko haupo. Ukinunua gari lililotumika, vua kifuniko kidogo cha nguzo uone pazia kwa macho. Na nguzo za pembeni za magari ya sasa ni chuma kigumu ambacho hakitakiwi kupashwa moto na kunyooshwa. Kikipashwa kinalainika, na siku nyingine paa linashuka kichwani.

---

Paa_Wazi_AR:

Nyongeza fupi kwa wenye magari ya watalii. Land Cruiser za hapa Arusha zilizoongezwa urefu na kukatwa paa la kunyanyua zisihesabiwe kama Prado kwenye mjadala huu. Paa likikatwa, nguvu ya nguzo haipo tena isipokuwa karakana iliweka fremu ya chuma ndani iliyoungwa na nguzo na sakafu. Mara nyingi mapazia hayapo kabisa au yamezibwa na bodi mpya. Kinachobaki ni mkanda, na mgeni aliyesimama kichwa nje hana mkanda. Kusimama ni gari likiwa limesimama, au likitambaa tambarare. Kwenye kushuka bonde, kuvuka korongo na kwenye changarawe ya mwendo, wote wakae na wafunge.

Kwa Prado pia: boksi la vyombo la kilo 20 lisilofungwa ndilo litakalokuumiza gari likigeuka, hata paa likistahimili. Wavu nyuma ya viti, uliofungwa juu na chini. Na wasioendesha wasishike kishikio cha paa dirisha likiwa wazi, mikono mapajani.

---

Kambi_Natron:

Nashukuru sana wakuu, nimepata nilichotaka. Madumu na tairi vinashuka. Moja limebaki: nataka kufunga snokeli (bomba la kupandisha mdomo wa hewa ya injini) kwenye nguzo ya mbele, na waya wa redio upite ndani ya nguzo hiyo hiyo. Pazia si limepita humo?

---

Fundi_Njiro:

Limepita, na umeuliza kwa wakati. Angalia plastiki ya nguzo, utaona maandishi ya SRS AIRBAG. Pazia limekunjwa kutoka juu ya mlango wa nyuma hadi kwenye nguzo ya mbele, na mwisho wake umefungwa humo kwa mkanda mdogo.

Vua plastiki ya nguzo kabla ya kutoboa, betri ikiwa imeondolewa na sekunde 90 zimepita. Weka alama mahali mkanda wa pazia ulipo, kisha linganisha na karatasi ya mashimo ya snokeli. Tumia skrubu fupi zilizokuja na snokeli. Fundi akikosa hizo akaweka ndefu, ncha inachungulia ndani na itachana pazia siku likifunguka. Kila shimo lipakwe rangi na silikoni, maji yakiingia kwenye nguzo yanafika kwenye plagi ya SRS iliyo chini na taa inawaka.

Waya wa redio upite NYUMA ya pazia, ufuate kifurushi cha waya za kiwandani na ufungwe nacho kwa zipu kila sentimita 10. Usiupitishe mbele ya pazia wala kuulaza juu ya mkunjo. Klipu za plastiki ya nguzo ziwe mpya: zile za kiwandani kwenye nguzo yenye pazia zina kamba inayozuia plastiki isiruke usoni, na zikishavutwa mara moja mara nyingi hazishiki tena. Usizibandike kwa gundi, plastiki inatakiwa ifunguke.

Na bolti za keria zipitie sehemu za kiwandani tu. Mwenye kutoboa paa pembeni kwa drili anaweza kukutana na silinda ya gesi ya pazia, nayo imekaa juu kabisa, sentimita chache kutoka pale watu wanapopenda kutoboa.